Mnyoo Hatambuliwi kwa Samaki Wake

Mtu anunuaye sato, awe yu Mwanza kwenye mwalo wa Kirumba au yu Uvira ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, jambo la kwanza alifanyalo kabla ya kuuliza bei ni kuinua kifuniko cha shavu na kuyatazama matamvua, kwani yakiwa mekundu yenye kung'aa hujua kwamba samaki ametoka majini karibuni, na yakiwa yamefifia na kuanza kunuka humwachia mwenye samaki bidhaa yake akaenda zake. Macho yake hayaoni zaidi ya rangi, wala hana lawama. Maana hao wakaazi ninaokusudia kuwazungumzia leo, ambao aghalabu wamo humo humo baina ya nyuzi zile nyekundu, wengi wao hawafikii hata urefu wa milimita moja, na mtu asiye na hadubini aweza kula samaki umri wake wote asipate hata siku moja kushuku kuwa wapo.

Ni minyoo bapa, jamaa wa mbali wa wale waletao kichocho. Lakini nawasihi msitishike, kwani hawa hawana makao katika mwili wa binadamu, wala hawamdhuru mlaji kwa lolote. Maisha yao ni juu ya samaki, na kwa uchache juu ya vyura na kasa, isipokuwa mmoja wa ajabu ambaye, katika viumbe vyote vya Mwenyezi Mungu, amechagua kukaa katika jicho la kiboko. Tena hutofautiana na wale wa kichocho katika jambo moja kubwa: mnyoo wa kichocho hana budi kupitia kwa konokono kabla ya kumfikia mtu, ilhali hawa wa matamvuani hawahitaji dalali, bali yai huzama majini, likaanguliwa, akatoka mwana mwenye nywele nyepesi za kuogelea, naye ana muda mfupi tu wa kumtafuta samaki na kumshika kabla nguvu hazijamwishia. Mtaalamu wa Ubelgiji, P. J. van Beneden, ndiye aliyeibainisha tofauti hiyo katika mwaka wa 1858, na tangu hapo makundi haya mawili yakawekwa mbalimbali, hili la kwetu likaja kuitwa Monojenea.

Nia yangu si kuhutubia juu ya maradhi ya samaki, bali ni kueleza jinsi wataalamu wanavyowapanga minyoo hawa katika spishi, jenasi na familia, na kwa nini mpango huo umekuwa ukivunjwa na kujengwa upya kwa muda wa karibu miaka mia mbili. Na rai yangu naitamka mapema, ili asiyekubaliana nami apate nafasi ya kunipima: makosa mengi yaliyofanyika katika ilimu hii yametokana na kumwuliza samaki swali ambalo alipaswa kuulizwa mnyoo. Imethibitika kwamba minyoo hawa huchagua sana wenyeji wao, hata wengi hukaa juu ya spishi moja tu ya samaki. Na kwa kuwa kanuni hiyo ni kweli mara nyingi, watu wameifanya kuwa kweli mara zote, wakawa wanapoona samaki mpya hutoa jina jipya la mnyoo, na wanapoona samaki wa zamani hutoa jina la zamani, pasipo kuutazama mwili wenyewe kwa makini unaostahili.

Basi na tuutazame. Samaki akisha kuuawa, kwa mkasi mdogo hukatwa matao ya matamvua, manne kila upande, na kila tao hutiwa peke yake katika kisahani cha kioo chenye maji, chini ya hadubini ya kukuza kwa kiasi. Mwanzoni mtazamaji haoni ila ute na chembe za damu. Naye huzipekua nyuzi kwa sindano, uzi baada ya uzi, bila haraka, kwani akiharakisha hupita juu ya anachokitafuta. Kisha, pahali alipokwisha kupatazama mara mbili, kitu cheupe, chembamba, chenye kupenya nuru, hujinyoosha kutoka baina ya nyuzi, kikapapasa kulia na kushoto, kikajikunja, kikajinyoosha tena; mbele kina vidoa vyeusi vya macho, na nyuma kimejishikiza madhubuti kwa sahani ya kulabu iliyo mahali pa mkia. Kumbandua bila kumchana ni kazi ya mikono iliyotulia. Huhamishwa kwa ncha ya sindano hadi katika tone la maji juu ya kipande cha kioo, akafunikwa kwa kioo kingine kilicho chembamba mno, na ukingoni mwake hupenyezwa tone la mchanganyiko wa glisarini na pikrati ya amonia. Hapo nyama yake hufanyika angavu polepole, hata huyayuka machoni, vikabaki vile vigumu tu: kulabu, vipingo vinavyoziunganisha, na viungo vya uzazi. Asipobanwa vya kutosha kulabu hukaa ubavu, na kipimo kikawa cha uongo. Akibanwa kupita kiasi, huvunjika.

Vitu hivyo vigumu ndivyo hati yake. Chukua mfano wa jenasi iitwayo Cichlidogyrus, ambayo ndiyo iliyoenea kupita zote katika matamvua ya sato, perege, furu na ndugu zao wote wa Afrika, na ambayo spishi zake zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 100. Mnyoo wa jenasi hii ana kulabu kubwa jozi mbili, moja ya tumboni na moja ya mgongoni. Ana vipingo viwili, cha tumboni kikiwa na umbo la herufi V, na cha mgongoni kikiwa na ncha mbili zilizosimama mfano wa masikio. Tena ana vikulabu vidogo jozi saba vilivyozunguka ukingo wa sahani. Vyote hivyo hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita, na hapana hata kimoja ambacho mtaalamu ana ruhusa ya kukipuuza, kwani huenda spishi mbili zikafanana katika kila kitu isipokuwa urefu wa jozi ya kwanza ya vile vikulabu vidogo. Jenasi jirani, Scutogyrus, iliyotengwa na Wafaransa wawili, Antoine Pariselle na Louis Euzet, katika mwaka wa 1995, hutambulikana kwa ile sahani nyembamba iliyobebwa na kipingo chake cha tumboni.

Halafu kuna kiungo cha kiume. Kila mnyoo katika hawa ni mume na ni mke kwa wakati mmoja, na kile kiungo chake cha kiume, kilicho mrija mgumu uliofuatana na kipande cha kuusaidia, kina maumbo ya kustaajabisha: kwa mmoja ni kifupi na kinene, kwa mwingine ni kirefu na kimepindapinda, kwa wa tatu kimezungushwa mzunguko mzima. Ni hicho ambacho, kuliko kulabu zote, huitenga spishi na spishi ya jirani. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka wa 2011, uliozipima kulabu za Cichlidogyrus wa Afrika kwa hesabu za umbo, ulionyesha jambo ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko lilivyopokelewa, nalo ni kwamba umbo la kulabu hufuata nasaba ya mnyoo, wala halifuati samaki anayekaliwa wala nchi anakotoka. Yaani kulabu husimulia mababu, na kiungo cha uzazi humtaja mtu mwenyewe. Lau wapangaji wa kwanza wangalilijua hilo, pengine wangalituachia vitabu vyembamba zaidi.

Lakini wao walikuwa na udhuru wao. Katika mwaka wa 1832 Alexander von Nordmann, aliyekuwa akitazama matamvua ya samaki wa mito ya Ulaya, alieleza mnyoo mwenye miili miwili iliyopandana mfano wa msalaba, akamwita Diplozoon paradoxum, na jina hilo la pili lilikuwa ni ungamo la mshangao wake. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka wa 1845, Mfaransa Félix Dujardin akapata juu ya samaki wa namna hiyo mnyoo mwingine mdogo, mwenye mwili mmoja tu, akaona hana budi kumpa jenasi yake, akamwita Diporpa. Wote wawili walikuwa mabingwa, na wote wawili waliyaona waliyoyaona kwa usahihi. Ila mwaka wa 1851 mtaalamu mwingine, von Siebold, alidhihirisha kwamba Diporpa si jamaa wa Diplozoon bali ni mtoto wake. Watoto hao huishi peke yao mpaka wakutane wawili. Kila mmoja ana kitu kilichotokeza mgongoni na kinywa cha kunyonyea tumboni, basi huyu hukikamata cha mgongoni cha mwenzake, na mwenzake naye hukigeukia chake, na baada ya kushikana hivyo nyama zao huungana wasiweze kutengana tena maisha yao yote. Asiyekutana na mwenziwe hafikilii utu uzima. Afrika nako wapo jamaa zao, wa jenasi ya Afrodiplozoon, juu ya samaki wa jamii ya Barbus. Na mwanafunzi awapekuae leo hujikuta katika hatari ile ile ya Dujardin asipokuwa na subira ya kuwatazama wakubwa kwa wadogo.

Kwetu sisi kazi hii ilianza kwa bidii katika miaka ya 1960. Ilan Paperna, aliyeianzisha jenasi ya Cichlidogyrus mwaka wa 1960 kwa minyoo wa samaki wa Israeli, alikuja kufanya kazi pia Afrika, na mwaka wa 1969 yeye pamoja na June Thurston walieleza spishi tano mpya za jenasi hiyo kutoka Uganda. Miaka kumi baadaye, 1979, makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yalichapisha kitabu chake kikubwa juu ya Monojenea wa samaki wa maji baridi ya Afrika, ambacho hadi leo mtafiti hafungui mlango pasipo nacho. Yeye huyo ndiye aliyevumbua kwamba wako jamaa wa minyoo hawa waliouhama ukaazi wa matamvuani wakaingia ndani ya tumbo la samaki, wakapewa jenasi ya Enterogyrus. Na kama angalitegemea mahali alipowakuta tu, asingalithubutu kuwapanga karibu na wale wa nje. Kulabu zao ndizo zilizowashtaki.

Sasa nifike Tanganyika, ambako shauri hili limekuwa na utamu wake wa pekee. Ziwa lile, lenye umri wa mamilioni ya miaka, lenye kina cha karibu mita 1,470, linalogawanywa baina ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lina spishi zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na sato, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Wataalamu wa samaki walilishughulikia kwa zaidi ya karne moja. Lakini matamvua yalikuwa hayajatazamwa sana, na ni mwaka wa 2011 tu ambapo Maarten Vanhove wa Ubelgiji na wenzake walichapisha maelezo ya minyoo wa kwanza waliotolewa kwa samaki wa ukoo huo ziwani humo. Katika samaki mmoja mdogo wa mawe ya pwani, Simochromis diagramma, walikuta spishi tatu mpya za jenasi ya Gyrodactylus. Mwaka uliofuata, Fidel Muterezi Bukinga wa kituo cha utafiti wa maji cha Uvira, pamoja na wenziwe wa Ulaya, akaeleza minyoo ya samaki mbalimbali wa ziwa hilo, akiwamo kuhe, ambaye ni mkubwa kuliko wote wa ukoo wake duniani. Nafurahi kulitaja hilo, kwani kwa miaka mingi majina ya minyoo yetu yalikuwa yakitolewa na watu waliofika, wakavua, wakaondoka. Na leo katika orodha hiyo mna spishi iitwayo muterezii na nyingine iitwayo nshomboi, zenye majina ya wanasayansi wa Kongo yenyewe.

Sasa sikilizeni ziwa hilo moja linavyotoa majibu mawili. Ufuoni, samaki wanaokaa katika miamba hawapendi kuvuka mchanga. Kundi la mwamba huu halichanganyiki sana na kundi la mwamba ule, na kwa zama nyingi kila kundi limekuwa likienda njia yake. Minyoo wao wamekwenda pamoja nao. Mwaka wa 2015 ilionyeshwa kwamba ukichora shajara ya nasaba ya samaki hao wa miambani, na pembeni yake ukachora shajara ya nasaba ya minyoo wao wa Cichlidogyrus, matawi ya huku yanaelekeana na matawi ya kule kwa kiasi kisichoweza kuwa cha bahati. Hapo mtu aliyezoea kumtambua mnyoo kwa samaki wake angaliweza kusema, mnaona, kanuni yangu ni sahihi. Lakini shuka vilindini, mbali na ufuo, wanakoishi wale samaki wawindaji wa jenasi ya Bathybates na majirani zao, na hapo utamkuta Cichlidogyrus casuarinus, aliyeelezwa mwaka huo huo wa 2015, akikaa juu ya spishi nyingi za samaki, hata za jenasi mbalimbali, na huku yeye ni yeye yule kwa kulabu, kwa kiungo cha uzazi, na kwa vinasaba. Sababu inayotolewa ni ya busara: kule chini samaki ni wachache na wametawanyika, na mwana wa mnyoo aliye na muda mfupi wa kuishi, akikataa kila samaki asiye chaguo lake, atakufa bila makao. Aliyekuja na kanuni ya ufuoni angaliwapa minyoo hao majina matano au sita, na kila jina lingalikuwa la bure.

Nao dagaa wana habari yao. Paperna, mwaka wa 1973, alieleza mnyoo wa matamvua ya Limnothrissa miodon, ambaye watu wa Zambia humwita kapenta, akamtia katika jenasi ya Ancyrocephalus, ambayo kwa hakika ilikuwa imekwisha kuwa bohari la kila mnyoo asiyejulikana pa kuwekwa. Humo alikaa miaka arubaini na mitano. Mwaka wa 2018 Nikol Kmentová na wenzake walipomchunguza upya kwa vipimo na kwa vinasaba, waliona hahusiani na wenziwe wa bohari, wakamjengea jenasi mpya ya Kapentagyrus, na humo wakamweka pamoja na nduguye mpya, tanganicanus. Huyu wa kwanza hakai ila kwa Limnothrissa; wa pili hukaa kwake na kwa dagaa mwenziwe Stolothrissa pia. Samaki mmoja, minyoo wawili wa jenasi moja, kila mmoja na tabia yake: hapo jina la samaki lingalikusaidia nini?

Tena dagaa huyo wa kapenta alichukuliwa na watu akapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika bwawa la Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Watafiti walipokwenda kupekua matamvua ya vizazi vya wahamiaji hao, Kariba walimkuta mnyoo wa Kapentagyrus, na Kivu hawakumkuta. Samaki wale wale, kutoka ziwa lile lile, huku wamefika na mizigo yao na huku wamefika mikono mitupu. Na kwa sababu hiyo wataalamu wamesema kwamba minyoo yaweza kutumika kama alama ya kujulia samaki alisafirishwa kwa njia gani. Alama hiyo isingalisomeka hata kidogo kama mnyoo yule angaliachwa katika bohari la Ancyrocephalus.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mashughuli ya watu wenye wasaa, kubishana juu ya mikromita mbili za kulabu. Kwa hao nina kisa cha Norway. Mnyoo aitwaye Gyrodactylus salaris, aliyeelezwa na Göran Malmberg mwaka wa 1957 kwa samaki wa Sweden, hatagi mayai kama wengine bali huzaa, na mtoto anayezaliwa huwa tayari ana mimba ndani yake. Kwa hiyo mnyoo mmoja akifika mtoni peke yake huwa kama amefika na ukoo mzima. Samaki aina ya samoni wa upande wa Bahari ya Baltiki humstahimili, lakini wale wa Norway hawakupata kumzoea, na alipoingia nchini kwao katika miaka ya 1970 aliwaua watoto wa samoni kwa wingi wa kutisha, akaenea hadi mito kama 50. Serikali ya Norway ikaamua kuiua mito. Walimwaga dawa ya rotenoni, ambayo huua samaki wote ili mnyoo akose pa kukaa, kisha mto ukaanzishwa upya kwa samaki waliohifadhiwa. Na msikilizaji wa huku kwetu aliyepata kuona watu wakiponda majani ya utupa na kuyatia katika kidimbwi anaijua kazi ya dawa hiyo, kwani nguvu ya utupa ni ya jamii iyo hiyo ya rotenoni.

Mashaka yakaja hapa: juu ya samaki mwingine wa mito ya baridi, Thymallus, hukaa mnyoo aliyeelezwa mwaka wa 1960 kwa jina la Gyrodactylus thymalli, ambaye hawadhuru samoni. Kwa hadubini wawili hao wanakaribiana mno, hata tofauti yao ilikuwa ikitegemea zaidi samaki waliyekutwa juu yake. Vinasaba vilipokuja kusomwa havikuutambua mpaka baina yao, na wako wataalamu wanaoshikilia kwamba ni spishi moja yenye makabila, baadhi yao yakiwa na shari na mengine hayana. Fikirini uzito wa swali hilo kwa mkuu wa idara anayepaswa kuamua kama mto umwagiwe sumu au uachwe! Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limemtia salaris katika orodha ya magonjwa yanayopasa kutangazwa, na jina likiwa katika sheria, mwenye kuligawa jina au kuliunganisha hagusi kitabu tu, bali hugusa biashara na mito ya watu. Mimi siwezi kuwahukumia Wanorwe. Nasema tu kwamba kosa la kumtambua mnyoo kwa samaki wake lilipofika huko lilikuwa limekwisha kuwa na gharama.

Hapa petu gharama hiyo itapatikana mabwawani. Sato wa Mto Nili amepelekwa kila mahali ambapo watu wamechimba bwawa, toka China hadi Mexico, na amekwenda na Cichlidogyrus wake na Scutogyrus wake. Katika bwawa, samaki wamesongamana, na mwana wa mnyoo hahangaiki tena kutafuta makao. Hapo idadi hupanda, matamvua hutoa ute mwingi, samaki wachanga hukosa pumzi. Na samaki wa bwawani wakitorokea mtoni, minyoo nao wana nafasi ya kuwajaribu wenyeji wapya. Jambo hilo lilikaguliwa katika bonde la Kongo kwa njia ambayo mimi naiona ni ya werevu mkubwa: mwaka wa 2020 Michiel Jorissen na wenzake walitangaza kwamba wamewafungua samaki waliohifadhiwa katika makumbusho, waliovuliwa kabla ya sato wa kigeni kuletwa, wakapekua matamvua yao, wakalinganisha na ya samaki waliovuliwa baadaye katika maji yale yale. Minyoo ambao zamani hawakuwapo juu ya samaki wenyeji, sasa walikuwapo. Ushahidi huo ungaliwezaje kupatikana kama kila mnyoo wa samaki mwenyeji angalihesabiwa kuwa mwenyeji kwa sababu tu ya mahali alipokutwa?

Hiyo ndiyo faida ya desturi ya makumbusho, ambayo mtu wa nje aweza kuiona kuwa ni ukaidi wa makarani. Spishi mpya haikubaliwi mpaka mnyoo mmoja mahususi atajwe kuwa ndiye mwenye jina, akawekwa katika kioo chake, akapewa namba, mahali ambapo mtu mwingine yeyote aweza kwenda kumtazama na kusema, huyu siye uliyesema. Na siku hizi huhifadhiwa pia samaki aliyetolewa mnyoo, mzima mzima, kwa kuwa samaki nao hubadilishwa majina: yule ambaye Paperna alimpatia spishi ya kwanza ya Cichlidogyrus aliitwa Tilapia zillii, na leo anaitwa Coptodon zillii, na kesho sijui. Hata jumba kuu lenyewe, hilo la Monojenea, halijasalimika. Mwaka wa 2023 watafiti waliosoma vinasaba kwa wingi walipendekeza lipasuliwe makundi mawili, wale walao ute na ngozi mbali, na wale wanywao damu mbali, kila kundi likiwa na daraja lake. Wengine wamekubali, wengine wanangoja.

Huko Leiden, Uholanzi, wamo ndani ya machupa furu walioanza kukusanywa katika ghuba ya Mwanza tangu mwaka wa 1977, kabla sangara hajashamiri na spishi nyingi za furu kutoweka machoni pa wavuvi. Formalini imeharibu sehemu kubwa ya vinasaba, lakini kulabu haiziharibu upesi, na samaki wale wangali na matamvua yao. Anayetaka kujua ni minyoo gani waliondoka ziwani pamoja na furu wale ana pa kuanzia, maadamu aende na mkasi na sindano, asitosheke na karatasi iliyobandikwa juu ya chupa.